Watoto wanaobuni kila siku Masasi na Newala

Mtego wa panya wa shambani hauuzwi dukani. Mvulana wa Masasi au Newala huutengeneza mwenyewe. Anatafuta kijiti kinachopindika bila kuvunjika, uzi aliouchomoa kwenye kiroba, na kijiti kingine kidogo cha kufyatulia kinachoegeshwa kwa nafasi nyembamba kama unene wa kucha. Panya akigusa chambo, kijiti kinaruka na kitanzi kinakaba. Kijiti kikiwa kikavu mno kinavunjika usiku wa kwanza, kikiwa laini mno panya anakula chambo na kwenda zake. Alfajiri mtoto anakwenda kuutazama, anaona ulipokosea, anaupunguza hapa na kuukaza pale, anautega tena. Hajafundishwa kwamba kijiti kilichopindwa huhifadhi nishati. Anaijua kwa vidole vyake, na jioni nyumbani kuna kitoweo.

Mwaka 1906, vita vya Maji Maji vikiwa bado havijapoa kusini, mtaalamu wa Kijerumani aliyeitwa Karl Weule alifika Masasi, kisha akapanda hadi Newala kukusanya vitu na habari za Wamakua, Wayao na Wamakonde kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1908 hakuishia kwenye vinyago na ngoma. Aliwatazama pia watoto na vitu vyao vya kuchezea, zikiwemo pia za kuzungusha na simu ya uzi, ile ya vikombe viwili vilivyowambwa na kuunganishwa kwa uzi uliokazwa, mmoja ananena huku na mwenzake anasikiliza kule. Zaidi ya karne moja imepita. Leo watoto wa huko wanaunda magari ya mabua na ya waya, magurudumu yakiwa soli za kandambili zilizochakaa, na usukani mrefu unaomwezesha dereva kusimama wima na kukata kona bila kuinama. Ule usukani peke yake unastahili kipindi kizima cha darasa.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema watoto wetu wafundishwe ubunifu, kana kwamba wanaanza na mikono mitupu. Wanabuni kila siku. Kinachokosekana ni mtu mzima wa kumfuata mtoto pale anapoanza kutoka kwenye mchezo na kuelekea kwenye shida ya nyumbani, akamuuliza amefanyaje, akampa msumari na koleo, akamwachia muda. Miaka mingi desturi ya shule zetu nyingi imekuwa kuvinyang'anya vitu hivyo getini. Gari la waya linakwenda juu ya kabati la ofisi ya walimu, na mwenye gari anaingia darasani kunakili kutoka ubaoni mchoro wa wenzo, ambao amekuwa akiutumia tangu ana miaka sita.

Hasara ya kumpuuza mtoto anayeuliza imeandikwa katika historia ya sayansi ya dunia, na jina lililoandikwa hapo ni la Mtanzania. Mwaka 1963, katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu. Walichemsha maziwa na sukari, wakasubiri yapoe, kisha wakayaweka kwenye jokofu. Siku moja nafasi ilikuwa ya kugombania, na kijana Erasto Mpemba akaweka maziwa yake yakiwa bado ya moto ili asikose mahali. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amejichanganya. Alipouliza tena akiwa Mkwawa, Iringa, kauli ya mwalimu ikawa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu, na wenzake wakaifanya utani.

Alibaki na swali lake. Huko huko Mkwawa alikuja mgeni kuzungumza na wanafunzi, Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mpemba akasimama na kuuliza mbele ya wote, na wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, wala hakujifanya anajua. Aliahidi kulijaribu aliporudi Dar es Salaam, akalijaribu kweli, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la fizikia la Uingereza. Hadi leo wanasayansi wanabishana kuhusu athari ya Mpemba, wengine wakiithibitisha na wengine wakiikana, lakini wote wanaiita kwa jina la mwanafunzi wa Magamba. Mimi huifikiria zaidi ile ahadi ya mgeni. Mtu mwenye shahada alikubali kwenda kupima neno la mwanafunzi. Shule ngapi za Newala zina mwalimu mwenye nafasi, muda na moyo wa kusema, "Hilo sijui, tulijaribu Ijumaa"?

Wamakonde wenyewe wana kisa cha namna hiyo upande wa sanaa. Inasimuliwa kwamba mchongaji Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetoka Msumbiji na kufanya kazi Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950, alikuwa akichonga sanamu ya kawaida ya mtu, mkono ukakatika. Mpingo ni mti wa gharama, hautupwi ovyo. Akaendelea kuchonga pale pale palipoharibika, umbo likageuka kuwa la kiumbe wa ajabu, na mfanyabiashara aliyekuwa akinunua kazi zake akamwambia alete zaidi. Hapo ndipo ulipoanzia, wasimulizi wanasema, mtindo wa shetani uliozunguka dunia nzima. Katika daftari la shule, mkono uliokatika ungepata alama ya kosa kwa wino mwekundu, na kipande cha mti kingeishia jikoni.

Tuje kwenye maji, kwa maana huwezi kuizungumzia Newala bila maji. Mji umekaa juu ya uwanda, kwenye ukingo ambao ukisimama unaona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Mvua inanyesha ya kutosha kati ya Desemba na Aprili, lakini udongo wa uwanda ni wa kichanga, maji yanazama chini kabisa na hakuna mto unaopita juu. Vizazi kwa vizazi akina mama na mabinti wameshuka mabondeni kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Katika miaka ya 1950 ulijengwa mradi mkubwa wa kuyasukuma maji kwa pampu kutoka chini hadi juu, na hadi leo watu wanategemea chanzo cha Mitema. Pampu ikisimama, uwanda mzima unajua. Uwanda huo wa Makonde umo katika mradi wa maji wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo wa India, na wananchi wana haki ya kuusubiri kwa matumaini.

Huku wakisubiri, wenyeji walikwisha kubuni. Nyumba nyingi za Newala zina kisima cha mvua kilichochimbwa uani, kikasakafiwa kwa saruji na kufunikwa, maji yakiingia kutoka kwenye bati kupitia mifereji. Hapa ndipo ningependa kumwona mwalimu wa hisabati wa darasa la tano akiwatoa watoto nje na futi ya kamba. Bati lenye eneo la mita za mraba 40, ikinyesha mvua ya milimita moja, linakusanya lita 40, yaani madumu mawili. Msimu ukileta milimita 900, bati hilo hilo limepitisha lita 36,000, madumu 1,800. Familia inayotumia madumu matano kwa siku ingeishi nayo karibu mwaka mzima. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Mengine yanamwagika, mengine yanapotea kwenye mfereji uliopinda, na kisima chenyewe huenda ni kidogo. Lakini hayo yanayopotea ndiyo mlango wa ubunifu. Mfereji ukae mteremko gani? Mvua ya kwanza ya msimu inasomba vumbi, majani na kinyesi cha ndege, tuizuieje isiingie kisimani? Mtoto akipewa kipande cha bomba kilichosimama wima, kilichozibwa chini, na mpira mwepesi unaoelea ndani, anaweza kugundua mwenyewe kwamba maji machafu ya mwanzo yakijaa hapo, mpira unapanda na kuziba, na yale masafi yanayofuata yanaelekea kisimani. Hahitaji umeme wala intaneti. Anahitaji mvua, na mtu wa kusimama naye nje inaponyesha.

Kibuyu chirizi ni mfano mwingine, na vijiji vingi vinaufahamu: dumu dogo lililotobolewa, limening'inizwa kwenye fito, kamba inashuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Mguu unakanyaga, dumu linainama, maji yanachirizika kidogo kidogo, mkono haugusi chochote. Mahali ambapo maji yanabebwa kichwani, kifaa kinachonawisha watu wengi kwa dumu moja ni kifaa chenye heshima kubwa. Mwaka 2020, korona ilipoingia, mtoto wa miaka tisa wa Bungoma, Kenya, Stephen Wamukota, alitengeneza mashine ya mbao ya kunawia mikono inayoendeshwa kwa mguu, na Juni mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta akamtunuku nishani ya Uzalendo. Watu wengi wanakumbuka nishani. Baba yake alieleza jambo ambalo mimi naliona kubwa zaidi. Mbao zile alikuwa amezinunua kwa ajili ya dirisha. Akarudi kazini, akakuta mwanawe amezitumia kuunda mashine. Hakuchukua fimbo. Akamsaidia kukaza.

Wazazi wa Masasi na Newala watalielewa hilo vizuri, kwa sababu mbao za dirisha si kitu kidogo kwa mtu anayesubiri malipo ya korosho. Katika jamii hizi zinazofuata ukoo wa mama, mjomba ana sauti kubwa katika malezi, na mara nyingi ndiye anayemshikisha kijana shoka na patasi. Kungwi naye katika jando hafundishi kwa kunakilisha, anafundisha kwa kutenda. Malezi ya aina hiyo yapo na watu wanayaheshimu. Shule ingeweza kuwaita watu hawa hawa, mjomba fundi seremala, babu mchongaji, mama anayefinyanga vyungu, wakakaa na watoto saa mbili kwa wiki, na isingegharimu zaidi ya chai.

Neno mama nimeliweka kwa makusudi. Mtu anayeijua shida ya maji kuliko wote ni binti. Anajua dumu lipi linavuja, njia ipi inateleza, shingo inauma kuanzia hatua ya ngapi. Lakini zana ziko mikononi mwa kaka yake. Gari la waya ni la wavulana, mtego ni wa wavulana, na baiskeli ikiharibika anayeitwa kushika spana ni mvulana. Kwa mpangilio huo tunapoteza nusu ya wabunifu, na tena nusu ile inayoijua shida kwa undani. Mwalimu akiunda vikundi vya ubunifu, zana ziwafikie mabinti kwanza. Wasiishie kuwa waandishi wa kikundi wenye mwandiko mzuri.

Kuijua shida kwa undani ndiko kulikomfanya Richard Turere wa Kitengela, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, apate alichokipata. Alikuwa akichunga ng'ombe wa baba yake, na simba waliingia zizini usiku. Akajaribu moto, ukawaangazia simba njia. Akajaribu sanamu ya mtu, siku ya pili wakaizoea. Usiku mmoja alipokuwa akizunguka na tochi akaona hawakuja, akaelewa kwamba wanaogopa mwanga unaotembea. Akiwa na miaka 11 akaunganisha betri ya gari, paneli ndogo ya sola, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi, taa zikawa zinawaka kwa zamu kuzunguka zizi. Mwaka 2013 aliusimulia ulimwengu habari hiyo kutoka jukwaani huko California. Mhandisi aliyekaa ofisini asingeijua tabia ile ya simba. Aliyeijua ni mtoto aliyekesha na ng'ombe.

Kwa Masasi na Newala, ng'ombe huyo ni korosho. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna zaidi ya tani 140,000 za korosho ghafi, nyingi zikitoka kusini. Serikali ikakopa, ikajenga viwanda 12 vya kubangua kwa mitambo ya Italia na Japani, Masasi na Newala zikiwemo. Viwanda vilipokamilika mavuno yalikuwa yameporomoka. Kufikia 1986/87 zilibaki tani zisizofika 20,000, kwa sababu ya watu kuhamishiwa vijijini, bei duni na ugonjwa wa ubwiriunga. Majengo mengi yakafungwa. Mavuno yakarudi baadaye kwa msaada wa watafiti wa kilimo wa Naliendele na salfa ya kudhibiti ubwiriunga, lakini sehemu kubwa ya korosho ikaendelea kusafirishwa nje ikiwa na ganda lake, na kazi ya kubangua ikawa ya watu wengine.

Nyumbani, kubangua kwa mkono kuliendelea. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na mama anayebangua bila kujipaka kitu vidoleni anayajua makovu yake. Zipo mashine ndogo za kukanyaga kwa mguu, zenye visu viwili vinavyolibana ganda, na mafundi wa SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa kazi hiyo hasa ya viwanda vidogo, wanaweza kuzitengeneza. Lakini bado kuna mambo mengi madogo yasiyo na mwenyewe. Kibanio rahisi cha kulinda vidole. Kikaushio cha mabibo, yale matunda matamu yanayooza kwa wingi chini ya mikorosho kila Oktoba na Novemba. Chombo cha kuokotea kisichomlazimisha bibi kuinama siku nzima. Hakuna kampuni kubwa itakayotuma wahandisi kwa ajili ya mgongo wa bibi wa Kitangali, Newala. Mjukuu wake anaweza, kwa sababu anamwona usiku akijinyoosha.

Nchi haikosi majukwaa. Mwaka 2019 Wizara ya Elimu ilianzisha MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, yenye kundi hadi la shule za msingi. Young Scientists Tanzania, iliyoanza mwaka 2011, imewafanya maelfu ya wanafunzi wa sekondari wafanye utafiti kuhusu shida za kwao. Mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari. Haya ni mema na ninayaunga mkono. Wasiwasi wangu ni juu ya siku inayofuata baada ya mashindano. Mshindi amepiga picha na waziri, amerudi kijijini na cheti, na mashine yake iliyosimama vizuri jukwaani inahitaji kulehemiwa upya. Atalehemu wapi? Mikopo ya halmashauri kwa vijana haimhusu, bado hajafika miaka 18. Na wale mia moja waliotolewa katika raundi ya kwanza, nani anakumbuka walikuwa wanatengeneza nini?

Mahali pa kulehemu papo, tena karibu. Masasi ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi na Newala ina chake, sehemu ya vyuo vilivyoanzishwa miaka ya 1970 kwa fikra ya Mwalimu Nyerere na msaada wa Sweden, na huko kuna mafundi wa useremala, uashi na umeme. Newala ina pia Chuo cha Ualimu Kitangali. Milango ya karakana za vyuo hivyo ingefunguliwa Jumamosi kwa watoto wa shule za msingi za jirani, na walimu tarajali wa Kitangali wakapangiwa kuwasimamia kama sehemu ya mazoezi yao, tungekuwa na walimu wanaoingia darasani wakiwa wameshamwona mtoto akikosea mara saba na kufaulu mara ya nane. Jambo hilo halihitaji sheria mpya. Linahitaji barua ya ofisa elimu na mkuu wa chuo aliye tayari kuvumilia kelele.

Kuna tahadhari moja ambayo lazima isemwe waziwazi. Bomba la maji ni wajibu wa serikali, na zahanati ni wajibu wa serikali. Mtoto akitengeneza kibuyu chirizi asigeuzwe kisingizio cha kutoleta maji, wala asipongezwe ili watu wazima wapumzike. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikuwa na nia njema, lakini katika shule nyingi iligeuka kuwa palizi kwenye shamba la mwalimu mkuu, na wazazi wanaikumbuka hivyo. Kifaa anachobuni mtoto ni sehemu ya masomo yake. Kikianza kuuzwa, jina lake na haki yake vilindwe, na mzazi aelezwe maana ya hataza kabla mjanja hajafika na karatasi ya kusaini.

Mengine ni ya kamati ya shule, na yanaweza kuamuliwa katika kikao kimoja kabla msimu wa korosho haujafunguliwa. Sanduku la zana: nyundo mbili, misumeno miwili, koleo, bisibisi, tupa, misumari, waya, gundi. Chumba chenye meza imara. Rejista ya kuazimia, ishikwe na wanafunzi wenyewe. Ninazijua shule ambako zana zilinunuliwa, zikafungiwa ofisini zisiibwe, na miaka mitatu baadaye zilikuwa mpya kama zilivyotoka dukani. Ufunguo uwe kwa mwanafunzi wa zamu. Nyundo moja ikipotea kwa mwaka, kamati inunue nyingine.